Kibali cha Mwanafunzi wa Fizikia

Mwaka ule kila mgeni aliyeingia nyumbani kwetu aliuliza swali lilelile, na mimi ndiye niliyemmiminia chai huku nikilisikia. Huyu kijana anasomea nini? Akiambiwa fizikia, anauliza fizikia ni kitu gani. Akielezwa, anauliza, haya, akimaliza atakuwa nani? Hapo kaka yangu anaanza kueleza, mikono inapanda na kushuka, mgeni anatazama ndani ya kikombe, na mimi nasonya kimoyomoyo kwa sababu najua maelezo yale hayatafika popote.

Daktari watu walimjua. Mwalimu walimjua. Daktari wa mifugo ndiye waliyemheshimu kuliko wote, maana alikuja na sindano na ngamia aliyelala akasimama. Mtu wa fizikia hakuna aliyewahi kumwona kwa macho. Hakuwahi kusimama kwenye baraza, hakuwahi kuponya mtu wala mnyama, na hata anapokaa ofisini hatukujua ni ofisi gani.

Ulikuwa mwaka wa sitini na sita, vita vya shifta, waasi waliotaka upande wetu ujitenge na Kenya, vimepamba moto. Sisi asili yetu ni upande wa Wajir, kwenye visima, lakini malisho yalikuwa yametushusha kusini, na serikali ilipoamua watu wote wakae vijijini ilitukuta karibu na Garissa. Tukakusanywa kijiji kimoja na jamaa wengine, tukazungushiwa miiba na senyenge, na lango likawekewa askari. Ngamia wetu walibaki nje ya lango, kisha hatukuwaona tena. Tukabaki na mbuzi. Nyumba zetu ni za fito na mikeka, na mama alikuwa amezoea kuzivunja na kuzipakia juu ya ngamia kila majani yakiisha. Sasa zilikaa mahali pamoja mpaka mchwa wakaanza kula fito. Mama alikuwa akizipiga zile fito kwa kiganja kila asubuhi na kusema nyumba haikuumbwa kukaa.

Mimi nilikuwa na karibu miaka kumi na sita. Shule nilienda miaka miwili, mwalimu akahamishwa, basi. Kiswahili nilijifunza kwa kuwauzia wake wa askari maziwa, kwa sababu wao hawakujua Kisomali na hawakuwa na haraka ya kukijua.

Kaka yangu hakupelekwa shule kwa sababu ya akili. Watu wakisikia alifika chuo kikuu hudhani baba aliona kitu ndani yake. Hapana. Wakati wa Mwingereza chifu aliambiwa kila jamaa itoe mtoto mmoja, na baba, kama wazee wote, alimtoa yule ambaye malishoni pengo lake halingeonekana. Kaka alikuwa mchungaji mbaya. Jioni analeta ngamia pungufu, na ukimuuliza yule mwingine yuko wapi anakueleza jinsi kivuli cha mti kilivyokuwa kikihama. Basi akapelekwa yeye, na ndugu zake waliojua kazi wakabaki na kazi. Shule ikamkubali. Akapanda darasa baada ya darasa mpaka akafika chuo kikuu Nairobi, na huko akachagua fizikia, na ndani ya fizikia akapenda elimu ya nyota.

Alikuwa amebakisha mwaka mmoja. Mwalimu wake alikuwa amemwambia kwamba wiki ya kwanza ya muhula kutakuwa na mtihani, na wanafunzi wawili watakaoshinda watapelekwa ng'ambo kusomea nyota, mahali penye darubini kubwa kama nyumba. Kaka aliamini kwamba mmoja wa hao wawili ni yeye. Hakusema hivyo kwa maringo. Alisema kama mtu anayesema kisima fulani kina maji.

Sasa mtu mwenye jambo kama hilo mbele yake angekaa Nairobi. Yeye alikuja nyumbani, kwa sababu mama alimtumia salamu kwa dereva wa lori kwamba anataka kumwona. Alipofika alimkuta mama anatwanga mtama. Akamuuliza anaumwa nini. Mama akasema haumwi.

"Si ulisema unaniita?"

"Nilitaka kukuona. Nimekuona. Kaa chini ule."

Kuingia kwetu kulikuwa rahisi. Alipanda lori lililofuatana na magari ya jeshi, akavuka daraja la Tana mchana, na hakuna aliyemuuliza anaingia kufanya nini. Kutoka ndiko kulikotaka kibali. Siku hizo mtu akivuka lile daraja tulisema ameenda Kenya, na wala hatukuwa tunafanya mzaha.

Siku za kwanza alikuwa na furaha. Alitaka kutuonyesha kila kitu. Alifunga jiwe kwa kamba, akalitundika kwenye fito ya paa, akalisukuma, akaniambia jiwe hili, ulisukume kwa nguvu au kidogo, kwenda na kurudi kwake kunachukua muda uleule. Nikasema haiwezekani. Hakuwa na saa, kwa hiyo akachukua tasbihi ya mama, akawa anavuta punje moja kila jiwe linapokwenda huku mimi nasoma Fatiha kwa mwendo mmoja. Mama akaingia akatukuta. Hakujali jiwe. Alijali tasbihi yake inahesabia jiwe, na aliichukua akatoka, na siku mbili hakututilia maziwa kwenye chai.

Baba alimsikiliza mara moja tu. Ilikuwa siku kaka aliposema kwamba mtu wa fizikia anaweza kupitisha umeme ardhini na kujua kama chini kuna maji kabla hajachimba. Baba akageuka. Akauliza kina gani. Kaka akajibu. Baba akauliza, na maji ya chumvi atayajuaje na maji matamu? Kaka akasema hilo nalo linawezekana. Nikaona uso wa baba unafunguka, nikasema alhamdulillahi, leo swali limejibiwa. Lakini abti alikuwepo. Abti ni kaka wa mama, mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa kupenda kusikika. Akasema Wajir ina visima vya kutosha na vilichimbwa na watu wasiojua kusoma. Baba akacheka, na ule uso ukafunga.

Kulikuwa na kazi nyingine pia. Kaka alizitaja: kupima hali ya hewa, kuongoza ndege zisigongane, mashine ya hospitali inayopiga picha ya mifupa, simu za kwenda nchi za mbali, kupima ardhi, kufundisha. Nyota alizitaja mwisho, kwa sauti ya chini kidogo. Alimwambia mama kwamba mwangaza anaouona kwa nyota fulani ulitoka huko kabla bibi yake hajazaliwa. Mama akafikiri vizuri, maana hakuwa mpumbavu, kisha akauliza, "Na nani atakuajiri kwa hilo?"

Kilichotuharibia kilianza na redio ya mwenye duka. Ilikuwa imekufa zamani. Kaka akaifungua mbele ya watu, akakwangua kitu, akaunganisha kitu, ikaongea. Watu wakapiga makofi, naye akatabasamu kama mtoto. Hata wiki moja haikupita, lori likakanyaga bomu la ardhini barabarani, watu wakafa. Kuanzia hapo askari walitaka kujua nani ndani ya vijiji anajua mambo ya nyaya na betri. Fundi mmoja wa redio wa sokoni alichukuliwa. Alirudi baadaye, lakini alirudi haongei, na meza yake sokoni akakaa mtu wa tumbaku.

Muhula ulikuwa unakaribia. Baba akaita kikao baada ya sala ya alasiri: yeye, abti, na kaka. Mama na mimi tulikuwa upande wa pili wa mkeka, tunasikia kila kitu. Kibali kilitolewa na DO, afisa wa serikali wa tarafa, naye alitaka mzee wa jamaa aje mwenyewe kumdhamini anayesafiri, ili akipotea ajue nani wa kukamatwa. Kwa hiyo wazee wataenda. Wakienda, wataulizwa kijana anasomea nini.

Abti akasema hili neno fizikia tuliache nyumbani. Umeme, redio, nyaya, yote yabaki nyumbani. "Tuseme anasoma nyota. Nyota haijawahi kumuua mtu."

Kaka akasema ni somo moja, huwezi kulikata katikati kama mkate. Akasema yeye ana kadi ya chuo, anajua Kiingereza, yule DO amesoma, wataelewana dakika tatu. "Niacheni niongee naye mwenyewe."

Baba akamwuliza, "Mimi nimekufa?"

Na hapo kikao kikaisha. Kwa wasiotujua nieleze. Kwetu kijana hasemi mahali baba yake amesimama, sembuse mbele ya serikali. Anasemewa. Hata siku ya kuposa, bwana harusi anakaa pale kama gunia, wazee wanamsemea, wanataja ukoo wake, ushujaa wa babu yake, na yeye haongezi neno. Ndiyo heshima. Hata mimi nililelewa hivyo, na siku hiyo upande wa pili wa mkeka sikuona ubaya wake. Nilichoona ni kwamba anayejua jambo ndiye aliyekatazwa kulisema, na nilikuna mkeka kwa kucha mpaka mama akanipiga mkono.

Tulikwenda asubuhi. Mimi nilikuwa na vibuyu vya maziwa vya kupeleka kwa askari, nikasimama kwenye foleni ya wanawake chini ya dirisha la ofisi, mahali unapoona na kusikia yote. DO alikuwa kijana wa bara, mwembamba, amechoka. Hakuwa mkali. Nasema hivyo kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba alikuwa mkali. Pembeni yake alisimama mkalimani. Kaka alisimama nyuma ya wazee, ameshika kadi yake mbele ya tumbo kwa mikono miwili.

DO akauliza kijana anakwenda wapi, akajibiwa. Akauliza anasomea nini. Abti akasogea mbele.

"Nyota," akasema.

Mkalimani akatafsiri. DO akasema, nyota, vizuri, akauchukua muhuri mezani. Niliuona kwa macho yangu mkononi mwake. Kama abti angepiga chafya wakati ule, au nzi angemwingia mdomoni, mambo yangekuwa mengine. Lakini abti hakuwa mtu wa kuiacha sifa katikati. Alikuwa anamsemea kijana, na kijana husemewa kwa ukoo wake.

"Mwambie hii ni kazi ya nyumba yetu," akamwambia mkalimani. "Baba yangu mimi alikuwa mtazama nyota. Hakuna jamaa iliyohama kabla hajawapa siku. Ndoa, mvua, safari, wote walikuja kwake. Huyu anaifuata njia ya babu yake."

DO akauweka muhuri chini, polepole. "Anawapa watu siku ya kuondoka?"

"Ya kuondoka, ya kuanza jambo lolote."

"Na wakitoka siku hiyo wanafanikiwa?"

"Mungu akipenda, hawashindwi."

Mimi sikujua wakati ule, lakini kila askari alijua: maafisa walikuwa wameambiwa kwamba shifta hawatoki kwenda kushambulia kabla hawajauliza siku kwa mtu wa nyota. Walikuwa wanamtafuta huyo mtu kila kijiji. Na sasa abti alikuwa kama amemleta mpaka mezani, amemshika bega.

DO akainama mbele. Akauliza swali moja, na mkalimani akasita kabla ya kuligeuza. "Siku lile lori lilipolipuka, nyota zilisemaje?"

Abti alidhani anaombwa ushauri. Wallahi, nilimwona akinyoosha kanzu. Akahesabu kwa vidole akasema siku hiyo mwezi ulikuwa umekaa kwenye Nge, siku mbaya kabisa kwa msafiri wa barabarani. "Yule dereva angeniuliza ningemwambia alale nyumbani kwake."

Hapo ndipo kaka aliposema. Alipita kando ya baba, akafika mezani, akasema kwa Kiingereza, haraka, akionyesha kadi, akichora kwa kidole juu ya meza. Sikuelewa hata neno moja. Nilimtazama baba. Baba hakumtazama mtu yeyote. Alitazama mkono wa kaka juu ya ile meza.

DO alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza vitu viwili vitatu kwa Kiingereza, akajibiwa. Kisha akazungumza Kiswahili, ili tusikie sote.

"Kwa hivyo si nyota peke yake. Ni nyota, na umeme, na redio. Hayo mengine wazee wako walikuwa wanayaficha kwa nini?"

Kaka alinyimwa kibali, akaagizwa aripoti kwenye kituo cha lango kila asubuhi na kila jioni, kuonekana sura yake. Tukarudi. Baba alitangulia na fimbo yake, hakugeuka nyuma hata mara moja, na tulipofika mama akauliza imekuwaje. Baba akasema, "Mwanao alisema mbele yangu." Ndilo alilosema. Habari ya kibali mama aliipata kutoka kwangu.

Nilimfuata abti mpaka mlangoni kwake. Msichana hamgombezi abti yake, najua. Nilimuuliza kwa nini hakunyamaza alipoona muhuri. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nilimpamba," akasema. "Kijana asipopambwa na mjomba wake, apambwe na nani?"

Nikarudi nyumbani nikitamani kupiga kitu teke, na hakukuwa na kitu ila mbuzi.

Siku zikaenda. Kaka akawa anaripoti. Jioni moja nilikuwa kituoni napeleka maziwa, naye akaja kuonekana sura. Askari walikuwa wamekaa na redio yao juu ya debe, inakwaruza tu. Mkubwa wao akamwita.

"Profesa, hebu njoo. Huko Nairobi wanacheza mpira, na sisi hapa tunasikia mbuzi anakohoa."

Kaka akasimama palepale. "Sijui redio, afande."

"Chuo kikuu, hujui redio?"

"Sijui."

"Sasa wanakufundisha nini huko?"

"Mambo ya vitabuni tu."

Wakacheka. Mmoja akasema basi hata huyu dada wa maziwa anamshinda, maana yeye angalau angeigonga, na akaigonga mwenyewe, na haikusaidia. Kaka akatikisa kichwa kama mtu anayekubali kwamba ndivyo alivyo. Kati ya yote ya mwaka ule, bomu, na senyenge, na ngamia waliopotea, mimi ni ile jioni inayonikaa kooni. Kumwona mtu anaapa kwamba hajui kitu alichotoa ujana wake kukijua.

Tulirudi pamoja kabla ya saa ya kafyu. Akaniambia waya wa betri umeachia, aliuona akiwa bado mlangoni. Alisema angeitengeneza kabla chai yao haijapoa.

Nikamwambia, basi ungeitengeneza, pengine wangekupenda, wangekusemea kwa DO.

"Nikiitengeneza leo," akasema, "lori likilipuka kesho wataanza na mimi."

Alikuwa amefikiri kuliko mimi, na nikakasirika kwa sababu hiyohiyo.

Siku ya ule mtihani niliijua bila kuambiwa. Aliamka akaoga, akavaa shati la Nairobi na viatu, akaripoti langoni, akarudi, akakaa nje ya nyumba, amebana magoti, mikono juu yake. Alikaa hivyo mpaka jua likawa utosini. Mama akamletea chakula, akamuuliza kama anangoja mgeni. Akasema hapana. Kisha akavua viatu.

Yule DO alihamishwa baadaye, mvua ikiwa imeshapita. Akaja mwingine, mnene, mpenda mzaha, asiyependa foleni ndefu. Kaka akaenda na baba, baba akasimama pale bila kusema kitu. DO mpya akauliza jina na anakokwenda, akapiga muhuri. Hakuuliza anasomea nini. Tulikuwa tumejiandaa siku tatu, tumebishana, mama amelia, abti tumemwambia anaumwa abaki kitandani ilhali ni mzima, na mtu yule hakuuliza.

Alivuka daraja. Huko wale wawili walikuwa wameshachaguliwa na kwenda. Chuo kilimwambia anaweza kurudia mwaka, lakini ufadhili wake ulikuwa umekwisha na sisi hatukuwa na ngamia wa kuuza. Akapewa nafasi ya ualimu, mbali, kwenye milima yenye baridi, akafundisha fizikia mpaka nywele zikawa nyeupe.

Watu wakisikia hivyo husema, basi si alipata kazi nzuri? Ualimu ni kazi nzuri, mimi sijasema si nzuri. Wanafunzi wake wengine wamekuwa watu wa maana. Lakini mtu aliyetaka maji ukimpa maziwa, usimwambie ashukuru halafu uondoke. Wenzake wa darasa alinitajia walikokwenda: mmoja hali ya hewa, mmoja uwanja wa ndege, mmoja anatafuta maji chini ya ardhi kwa ule umeme aliomweleza baba. Na mmoja wa wale wawili alibaki ng'ambo kulekule, anatazama nyota, na anaishi kwa kazi hiyo. Kaka aliwataja bila wivu. Mimi ndiye niliyekuwa na wivu kwa niaba yake, na sikuwa nawajua hata sura.

Nyumbani alikuwa akija kwa nadra, msibani au harusini. Baba alimpokea vizuri, wakala pamoja, wakaongea juu ya mvua. Ile siku ya ofisini haikutajwa kati yao. Baba akafa haijatajwa.

Mimi nikaitaja. Tulikuwa wazee tayari, mimi na wajukuu, yeye amestaafu, amekuja kunitembelea, amekaa kwenye kiti changu na miguu imevimba kwa safari. Nilimwambia nimelibeba swali hili muda mrefu na sasa nataka kulitua. Kiingereza alikuwa nacho. Somo alikuwa nalo. Muhuri ulikuwa mkononi mwa yule mtu, abti hajaanza habari za baba yake. Kwa nini hakusema pale pale, akangoja mpaka mambo yaharibike ndipo akasema?

"Aabo alikuwa amesimama," akasema, akimwita baba kwa Kisomali kama tulipokuwa watoto.

"Aabo hakuwa anasema chochote."

"Alikuwa amesimama."

Nikamwambia ningekuwa mimi ningesema. Ningesema tangu mlangoni, na baba angenipiga fimbo na mtihani ningeufanya.

Akanitazama, akaanza kucheka, kile kicheko chake cha bila sauti.

"Wewe ulikuwa kwenye foleni ya wanawake na vibuyu, dada. Nani angekusikiliza?"

Ilikuwa kweli. Nikainuka nikaenda kufunga mbuzi, ingawa jua lilikuwa bado juu.